Je, Nauli Humaliza Deni?



Wahenga wetu walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Sisi tukaao Kinondoni na Temeke, tuendao mjini kila siku kutafuta riziki, dawa hiyo twainywa asubuhi na jioni. Twapanda gari, konda atikisa sarafu mkononi, twatoa nauli, twafika kituoni, twashuka. Hatumwulizi dereva jina lake, wala yeye hatuulizi letu. Yeye ametufikisha, sisi tumemlipa. Kila mtu ashike njia yake.

Katika kurasa hizi twapenda kulitafakari jambo hilo kwa utulivu. Je, ni kweli kwamba deni limekwisha? Mtu akikubeba wewe au mzigo wako kutoka mahali hata mahali, nawe ukamlipa mlichopatana, kuna chochote unachobaki kudaiwa? Mwenye haraka atasema swali hili ni la watu wasio na kazi. Sisi twaona sivyo. Swali hili limo katika historia ya nchi yetu, limo katika sanamu iliyosimama katikati ya mji, limo katika umbo la magari tunayopanda, nalo limo katika wodi za MOI pale Muhimbili, wanakolazwa vijana wetu wa bodaboda miguu yao ikiwa imefungwa vyuma.

NAULI NI KITU CHEMA

Tuanze kwa kuitetea nauli, maana wako watu wema wanaoidharau. Husema, "Kati ya ndugu hakuna kuhesabiana, tusaidiane tu." Maneno haya ni matamu, lakini mara nyingi husemwa na yule anayetaka kubebewa bure.

Kwa muda mrefu mizigo ya bara haikusafiri juu ya magurudumu. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, kwa hiyo pembe za ndovu zilitoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo juu ya vichwa na mabega ya watu. Wako waliobeba hali wamefungwa, na walipofika pwani wakauzwa wenyewe. Hao hawakujua malipo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na pale Mkunazini palipokuwa soko hilo Kanisa letu likajenga Kanisa Kuu la Kristo.

Lakini wako pia waliobeba kwa hiari, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Kijana wa Unyamwezi akienda pwani na kurudi, alihesabiwa nyumbani kuwa ni mtu mzima. Mzigo wake ulikuwa kama kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, ndiye mwenye kuijua njia. Wapagazi hawa walikuwa na mshahara uliopatanwa na posho ya njiani. Posho ikipunguzwa, waliitua mizigo chini wakaketi. Tajiri wa msafara, awe Mwarabu au Mzungu, aliyedhani kwamba amewanunua, alijifunza hapo hapo porini kwamba amewaajiri tu.

Basi watu wawili waliweza kupita njia ile ile na pembe ya namna ile ile begani, mmoja mtumwa na mwingine mtu huru, na alama ya kuwatofautisha ilikuwa malipo, pamoja na uwezo wa kusema "sitaki". Vivyo hivyo baadaye makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliacha kazi mwezi Septemba 1947 wakidai mshahara wa haki, na mgomo wao ukapanda na reli mpaka bara. Hawakuomba kushukuriwa. Waliomba kulipwa.

Kwa hiyo twaweka msingi wa kwanza: shukrani haiwi badala ya malipo. Anayempa mbeba mizigo wa soko la Tandika au la Tandale nusu ya fedha walizopatana, kisha akaongeza "Mungu akubariki", hakumbariki. Amemwibia, na jina la Mungu amelitumia kuwa kifuniko.

MIKONO ISIYO NA MAJINA

Tukiisha kuweka msingi huo, na tuulize tena. Malipo yakiwa kamili, deni limekwisha?

Tuchukue habari ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Daktari Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo Zambia. Aliyewaajiri wapagazi amekufa; mkataba umekufa pamoja naye. Hakuna ambaye angeweza kuwalaumu kama wangemzika pale na kurudi makwao. Lakini Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu kwa muda wa miezi mingi. Mahali pengine iliwalazimu kuufunga mfano wa mzigo wa nguo, maana wenyeji hawakukubali maiti ipite katika nchi yao. Wenzao wengine walikufa njiani. Mwezi Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili mwaka ule mwili ukazikwa katika kanisa la Westminster, London, na katika wale wabebaji ni Wainwright peke yake aliyekuwapo mazikoni. Chuma na Susi walifikishwa Uingereza baadaye.

Jiwe la kaburi lile lasema kwamba maiti ililetwa na mikono ya uaminifu katika nchi kavu na bahari. Ni maneno ya heshima. Lakini mikono hiyo haina majina juu ya jiwe. Nasi tuliomo katika Kanisa hili tunayo sababu ya kulikumbuka jina moja hasa, maana Chuma ndiye aliyeongoza baadaye msafara wa Misheni yetu ya UMCA kwenda Masasi, ambako mwaka 1876 watumwa waliokombolewa walipata makao. Miongoni mwa wanaosoma gazeti hili pale Mbagala, Mtoni na Mwananyamala, wako ambao babu zao walipokea Injili kwa njia hiyo. Je, twajua njia hiyo iliongozwa na mguu wa nani?

Habari ya pili iko karibu zaidi na nyumba zetu. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, majeshi yaliyopigana katika nchi yetu yalikuwa na askari wachache na wapagazi wengi mno. Wanahistoria hukadiria kwamba Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika ya Mashariki, na kwamba waliokufa walikaribia laki moja. Wajerumani nao walichukua watu wengi kwa nguvu. Walioangushwa na risasi walikuwa wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, njaa, na unga wa mahindi usioiva ambao matumbo ya watu waliozoea ndizi hayakuuweza. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao, maana kumbukumbu zao hazikuandikwa vizuri, na serikali za wakoloni zikabishana miaka mingi juu ya fedha hizo.

Baada ya kuitwaa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, Waingereza waliweka kambi ya kikosi cha wapagazi hao mahali ambapo ulimi wetu ulilitengeneza upya jina lake la Kiingereza, likawa Kariakoo. Kisha mwaka 1927 ikasimamishwa ile Sanamu ya Askari ambayo sote twaipita tukienda Posta. Itazameni siku moja kwa makini. Ni kazi nzuri ya shaba: askari ameinama kidogo, bunduki mkononi, uso umeelekea bandarini. Maandishi ya chini yake yanawakumbuka pia wapagazi, na kuwafananisha na viungo vya mwili wa jeshi. Lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Nairobi, katika sanamu za vita ile ile, mpagazi amesimama pamoja na askari. Kwetu hakusimamishwa pamoja naye.

Lakini si kwamba hakupewa kitu. Alipewa soko. Mwaka 1975 lilifunguliwa pale Kariakoo jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania, lenye nguzo zilizopanuka juu mfano wa miavuli ili kuwapa watu kivuli na hewa. Mwezi Julai 2021 jengo hilo liliungua moto, na watu wakalilia, maana ni mali ya roho zetu wote. Kila siku maelfu hulitaja jina la Kariakoo, makonda huliimba tangu Gongo la Mboto hata Tegeta. Wangapi kati yetu hujua kwamba tukilitaja twawataja wabebaji waliokufa? Jina limebaki, wenye jina wamesahauliwa.

Wala tusidhani kwamba watu wa wakati ule hawakuona. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, mwaka 1916, aliunda kikosi cha wapagazi kutoka Unguja, akapewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu bara. Vita ilipokwisha, aliandika mwaka 1920 kijitabu cha kuipinga serikali ya nchi yake mwenyewe kwa sababu ya kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Aliyetembea pamoja na mbebaji huona mambo ambayo aliyebebwa hayaoni.

Hapa, basi, twaona sehemu ya kwanza ya deni ambayo malipo hayaigusi: ni deni la kukumbuka. Hata kama mpagazi angelipwa senti yake ya mwisho, bado kumtaja askari peke yake kungekuwa ni uongo. Waandishi wa Injili waliandika jina la Simoni wa Kirene, mtu aliyekamatwa njiani akalazimishwa kubeba msalaba, na Marko akaongeza hata majina ya wanawe wawili. Hakuna aliyemlipa Simoni. Lakini jina lake limefika mpaka Temeke.

UMBO LA CHOMBO HUFUNDISHA

Watu wa pwani tumependa siku zote kuvipamba vyombo vya safari. Katika magofu ya Kilwa na Songo Mnara, na ndani ya Ngome ya Yesu kule Mombasa, yako majahazi na merikebu zilizochanjwa juu ya chokaa ya ukuta, na milingoti yake na tanga zake. Mitepe yetu ya zamani ilishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka. Katika mji wetu huu, Edward Saidi Tingatinga alianza miaka ya 1960 kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za dari, akiviuza Oyster Bay. Rangi iliyoundwa kupendezesha chombo cha kupanda ikawa sanaa inayojulikana duniani. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1972, akiwa ndani ya gari usiku, alipopigwa risasi na polisi waliodhani gari lile ni la wahalifu.

Daladala zetu nazo ni vitabu vinavyotembea: kuna mstari wa rangi wa kuonyesha njia, kuna jina la Mungu, kuna sifa za mama mzazi, kuna timu ya mpira. Lakini umbo la gari lasema zaidi kuliko maandishi yake, maana humfundisha abiria namna ya kumtazama mwenzake.

Mwaka 1970 serikali iliitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT, na mwaka 1974 UDA ikakabidhiwa usafiri wa mji. Mabasi yalipopungua na watu walipozidi, watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa kificho katika magari yenye mabenchi yanayotazamana. Wananchi wakayaita "chai maharage", kwa kuwa mlikaa uso kwa uso kama watu walio mezani katika mgahawa. Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yaliruhusiwa, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, ambayo sarafu yake iliitwa "dala", jina la daladala likazaliwa. Viti vikageuzwa, sote tukatazama mbele, kila mmoja akaona kisogo cha mwenzake. Mwezi Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, na nauli ikawa yalipwa dirishani kabla ya kupanda. Konda akatoweka. Dereva akawa mtu wa mbali, wa kuonekana bega tu.

Hatusemi kwamba turudie mabenchi ya chai maharage. Mwenye kusimama saa nzima pale Mbagala Rangi Tatu hatatushukuru kwa shauri hilo. Twasema tu kwamba kila umbo jipya limetuondolea mtu mmoja mbele ya macho yetu. Zamani tulimwona mbebaji jasho likimtoka. Kisha tukaisikia sauti yake mlangoni. Sasa twaona mashine ya tiketi. Na mtu asiyeonekana ni rahisi sana kuamini kwamba hatumdai wala hatudai.

HESABU YA JIONI

Sasa tufike kwenye sehemu ya deni iliyo ngumu kuliko zote.

Tunaopanda daladala twaijua nauli. Hesabu hatuijui. Hesabu ni zile fedha ambazo dereva hana budi kumpelekea tajiri wake kila jioni, abiria wawe wengi au wachache, mvua inyeshe au isinyeshe. Akiisha kutoa hesabu na mafuta, na faini kama imepatikana, kinachobaki ndicho chake na konda wake na deiwaka waliyemshikisha usukani wakati wa kula. Wengi hawana mkataba wa maandishi. Siku gari likiharibika, hawana kitu. Basi dereva hukimbizana na mwenzake kituoni, hujaza watu mpaka mlangoni, hukatisha ruti, huanza alfajiri na kulala usiku wa manane. Nasi twasema, "Watu hawa ni wakorofi."

Ni kweli, wako wakorofi. Matusi yao masikio yetu yameyasikia. Lakini tujiulize. Safari salama ina gharama yake: breki nzima, matairi mema, dereva aliyelala usingizi wa kutosha, gari lisilojazwa kupita kiasi. Nauli tunayotoa ikiwa haitoshi kuleta vitu hivyo pamoja na hesabu ya tajiri, tofauti ile haipotei hewani. Lazima iko mahali inapolipwa. Hulipwa kwa usingizi wa dereva, kwa mwendo wa kasi, kwa mgongo wa konda aliyening'inia mlangoni. Hulipwa kwa mwili. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale wa Kariakoo ya kwanza: bei ya vita ilionekana ndogo katika vitabu vya serikali, kwa kuwa sehemu kubwa ililipwa na miili ya wapagazi.

Mtoto wa shule aliyesukumwa mlangoni kwa sababu hulipa nauli ndogo ni mfano mwingine. Twamkasirikia konda, na ni haki, maana mtoto hana kosa lolote. Lakini sisi wazee tulioiona nauli ya mwanafunzi kuwa jambo jema, hatukuuliza ni nani atakayeijazia ile sehemu iliyopunguzwa. Tuliiacha kwa mtu aliye maskini kuliko wote katika gari lile, kisha tukamwita katili alipoikwepa. Wema unaotolewa kutoka mfuko wa mtu mwingine ni wema wa rahisi sana.

Na bodaboda? Jina lenyewe lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kutoka mpaka hata mpaka pale Busia. Leo kila pembe ya mitaa yetu ina kijiwe cha vijana wa pikipiki. Hao ndio wanaotufikisha hospitali usiku, ndio wanaoleta unga na gesi mlangoni, ndio wanaoingia katika vichochoro vya Tandale na Yombo ambamo gari haliingii. Nasi tukichelewa, twamgonga kijana bega na kumwambia, "Kaza mwendo." Akianguka, abiria na dereva huanguka pamoja, lakini abiria husema kwamba ameponzwa na bodaboda, wala hasemi kwamba yeye ndiye aliyemhimiza.

Tena tuseme wazi, maana gazeti hili ni la kwetu wenyewe. Matajiri wa pikipiki hizi si watu wa mbali. Wako miongoni mwetu, katika kwaya, katika baraza la kanisa, katika umoja wa akina mama, wenye pikipiki moja au bajaji mbili alizokabidhiwa kijana wa jirani kwa hesabu ya kila siku. Si dhambi kuwa na pikipiki. Lakini wengi tumekata bima ndogo, ambayo humwangalia mtu wa nje aliyegongwa, na kijana wetu mwenyewe haimgusi. Akivunjika mguu, twaichukua pikipiki, twaitengeneza, twampa kijana mwingine. Hesabu yaendelea. Huyu wa kwanza amelipwa? Kwa mapatano ndiyo, hatumdai wala hatudai. Kwa haki, dhamiri ya kila mmoja na ijibu.

SAFARI MBILI ZISIZO NA NAULI

Pengine msomaji atatujibu: "Mnatutwika mzigo usiobebeka. Kama kila anayetufikisha mahali atatudai zaidi ya nauli, hatutatoka nyumbani." Hoja hii ni ya haki, wala hatutaki kuikwepa. Faida moja ya nauli ni kwamba yatuwezesha kusaidiana bila kufungana. Mtu hulipa, akawa huru kwenda zake. Mji wa mamilioni hauwezi kuishi pasipo uhuru huo.

Lakini na tukumbuke jambo hili. Safari yetu ya kwanza kabisa hatukulipa. Tulibebwa miezi tisa tumboni, kisha tukabebwa mgongoni kwa mbeleko ya khanga, mama akichota maji na kusukuma mkokoteni wa maisha na sisi tumelala. Na safari yetu ya mwisho hatutalipa pia. Tutabebwa mabegani mwa majirani mpaka makaburini, wakipokezana jeneza kila hatua chache, Mkristo na Mwislamu, kwa kuwa katika mitaa yetu msiba ni wa wote. Mwaka 2022, tarehe 6 Novemba, ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi waliikimbilia kwa mitumbwi kabla ya wote. Watu 19 walikufa na 24 wakaokoka. Hakuna mvuvi aliyesimama kupatana bei.

Basi mwanzo wa maisha na mwisho wake, na siku ya hatari katikati, twabebwa bure. Nauli ni ya safari zilizomo kati. Mtu asemaye kwamba amelipa kila kitu, wala hadaiwi na yeyote, amezisahau safari zake zilizo kubwa kuliko zote. Na akimtazama dereva aliyeshika usukani wenye roho thelathini ndani yake, ataona kwamba hata katika safari ya kati nauli hununua kiti. Uangalifu wa yule mtu, kule kukanyaga breki kwa wakati wake, havikuandikwa kwenye tiketi. Hivyo vyatoka moyoni mwake, nasi twavipokea kama zawadi hata tusipojua.

Jibu letu, basi, ni hili. Nauli humaliza deni la fedha, ikiwa ni nauli ya haki. Haimalizi deni la kumtambua aliyetubeba kuwa mtu. Na deni hili la pili halilipwi kwa fedha, kwa hiyo halimfilisi yeyote.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tulipe mlichopatana, tena mapema, bila kumzungusha mbeba mizigo kwa kutafuta chenji.

Pili, tusimhimize mtu kwenda mbio kwa ajili yetu. Haraka haraka haina baraka, na anayemwambia dereva "punguza mwendo" hamdharau. Amemheshimu yeye na watoto wake wanaomngoja.

Tatu, tulio na vyombo vya biashara tuandikiane mkataba na vijana wetu, ulio na siku ya kupumzika, kofia ngumu iliyo nzima, na maneno yaliyo wazi juu ya nani atakayelipa hospitali. Hesabu ikizidi nguvu za njia, ipunguzwe.

Nne, tunapoomba nauli ya wanafunzi ibaki ndogo, tuombe pia pawepo utaratibu wa kuwafidia wanaowabeba. Haki haiishii mlangoni mwa gari.

Tano, tuyajue majina. Kijiwe kilicho mbele ya kanisa letu kina vijana pengine kumi. Si kazi kubwa kuyajua majina kumi. Na wazee wetu waliohai wakae na wajukuu wawaambie kama katika ukoo wao alikuwako mtu aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita, akarudi au asirudi. Majina hayo yaandikwe, yaletwe kwa karani wa kanisa. Siku ya Kuwakumbuka Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ndiyo siku aliyofariki Askofu Weston mwaka 1924. Siku hiyo majina yaliyopatikana na yasomwe kwa sauti pamoja na ya marehemu wetu wengine.

Yatakuwa machache. Wengi hawataonekana tena. Lakini tukisoma hata matatu, yatakuwa ni matatu zaidi ya yale yaliyoandikwa chini ya sanamu.